Kushuka Thames kwa makasia: Shepperton hadi Teddington, kupitia kisiwa cha Fred Karno

Siku ya 1: Loki ya Shepperton hadi Sunbury, karibu kilomita 6

Treni ya kutoka Waterloo, London, hufika Shepperton kwa muda usiozidi saa moja, na kutoka kituoni hadi kwenye loki, kile chumba chenye milango cha kushushia na kupandishia boti, ni mwendo wa miguu wa nusu saa hivi. Hapo ndipo mto Wey unapoingia Thames, na ndipo pa kuanzia kwa anayetaka kuviona visiwa vya watu wa jukwaani kwa mpangilio wake. Viko vitatu mbali na vile vidogo vya kupita: kimoja cha Richard D'Oyly Carte, tajiri wa maigizo ya muziki, kimoja cha mwigizaji David Garrick, na kimoja alichokishika Fred Karno, bwana wa vichekesho aliyemlea Charlie Chaplin. Hicho cha tatu ndicho kiini cha safari, na ndicho kilichommaliza mwenyewe.

Chombo kinachofaa ni skifu, boti ya makasia ya Thames yenye mbao zinazopandana, urefu wa mita 7 hivi. Wapiga makasia wawili hukaa mbele, na mshika usukani hukaa tezini kwenye kiti chenye kiegemeo, akiongoza kwa kamba mbili zinazokwenda kwenye usukani. Skifu iliyokaa juani wiki nzima huvuja saa za kwanza, kwa sababu mbao zimekauka na viungo vimeachana. Si ubovu, ikishanywa maji inajifunga. Lakini upo wa kuchotea maji na sifongo kubwa viwe miguuni pa mshika usukani, si chini ya mizigo. Kizibo cha kutolea maji kikaguliwe kabla boti haijaingia mtoni. Kamba ziwe mbili, moja ya omo (mbele) na moja ya tezi (nyuma), kila moja mita 8 hadi 10. Fupi kuliko hapo haitoshi ndani ya loki.

Boti ya kukodi huja na kibali chake. Anayeleta kayaki yake lazima akate kibali cha Shirika la Mazingira, ambalo ndilo linalosimamia mto huu hadi Teddington.

Kabla ya kushusha boti, tazama ubao ulioko lokini. Ubao mwekundu maana yake mkondo ni mkali na hakuna anayeshauriwa kutoka. Ubao wa njano huonya kuwa mkondo unaongezeka au unapungua. Katika hali zote mbili, boti isiyo na injini ibaki gatini. Watu hudharau ubao wa njano kwa sababu juu maji yanaonekana yametulia. Hatari haiko pale wanapotazama. Iko kwenye kizingiti, ule ukuta wenye milango ya kupitishia maji ulio kando ya kila loki. Milango ikifunguliwa yote, mto mzima unavutwa upande huo, na mpiga makasia aliyechoka hana nguvu ya kushindana nao.

Ndani ya loki utaratibu ni huu. Makasia yaingizwe botini. Kamba ya omo na ya tezi zizungushwe mara moja kwenye nguzo za ukingoni, ncha zishikwe mkononi. Zisifungwe kamwe: hapa maji hushuka karibu mita 2, na boti iliyofungwa hubaki ikining'inia huku upande mmoja ukizama. Ukutani kuna alama nyeupe inayoonyesha mwisho wa ngazi ya zege iliyo chini ya mlango wa nyuma. Tezi ikae mbele ya alama hiyo, la sivyo maji yakishuka boti italalia zege na kuvunjika usukani. Wakati wa kiangazi huwa kuna mlinzi mchana. Asipokuwepo, kibao cha buluu kinaruhusu watu kujiendeshea wenyewe, polepole, baada ya kuhakikisha milango ya juu imefungwa.

Mara baada ya loki, upande wa Weybridge, kinaonekana kisiwa cha D'Oyly Carte. Huyu ndiye aliyefungua ukumbi wa Savoy mwaka 1881, jengo la kwanza la umma duniani kuwashwa umeme mtupu, kisha hoteli ya Savoy mwaka 1889. Katika miaka hiyo hiyo ya 1880 alikinunua kisiwa na kujenga jumba lake. Alitaka liwe tawi la hoteli ya mjini, wageni washuke mto kwa mapumziko, lakini hakupewa leseni ya vileo. Jumba likabaki makazi. Ukimlinganisha na Karno, waliomnyima leseni walimfanyia hisani. Daraja la miguu lilikuja miaka ya 1960, na miaka ya karibuni watu wa kawaida wamekuwa wakipita kunywa chai.

Mbele yake mto unagawanyika. Kushoto ni mizunguko ya zamani ya Shepperton. Kulia ni mfereji wa Desborough, uliochimbwa kunyoosha njia na kupunguza mafuriko, ukafunguliwa mwaka 1935. Mfereji ni mfupi na unachosha macho. Njia ya zamani ni ndefu zaidi, ina vivuli na bata wengi, na boti za injini hupita kwa nadra. Tunapendekeza ya zamani, ila upepo wa mashariki ukiwa mkali. Kisha daraja la Walton, lililofunguliwa mwaka 2013. Kanaletto na Turner walichora madaraja yaliyolitangulia. Lala Sunbury.

Siku ya 2: Sunbury hadi Hampton

Siku fupi ya kupiga makasia, ndefu ya kutazama. Baada ya loki ya Sunbury mto unapanuka na mabwawa ya maji ya kunywa ya London yanaanza kushoto, nyuma ya ukuta wa majani. Kaa kulia mwa mto muda wote, ndiyo sheria, na boti kubwa zinazokuja nyuma hazina breki.

Platts Eyot ni kisiwa kikubwa chenye kilima, na kilima hicho kilitokana na udongo uliochimbwa wakati wa kutengeneza machujio ya maji. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Thornycroft iliunda hapa boti za kasi za kivita. Mabanda yale ya mbao yalidumu karibu karne nzima. Mwezi Mei 2021 moto uliteketeza baadhi yake pamoja na boti zilizokuwamo. Kwa kisiwa kisicho na daraja la magari, moto ni tatizo la aina yake: maji yamekuzunguka pande zote, lakini gari la zimamoto halifiki.

Hampton ina kivuko kidogo kati ya kanisa na uwanja wa Hurst Park. Kidogo mbele yake, kushoto, kuna hekalu dogo la matofali lenye kuba na nguzo. Garrick, mwigizaji mkubwa kuliko wote wa Uingereza ya karne ya 18, alihamia jumba lililo ng'ambo ya barabara mwaka 1754, na hekalu likakamilika mwaka 1756 kwa heshima ya Shakespeare, yule yule aliyefasiriwa kwa Kiswahili na Mwalimu Nyerere. Barabara ya Hampton Court iliikata bustani yake vipande viwili, ndiyo maana alichimba handaki chini yake ili wageni wafike mtoni bila kukanyaga matope ya farasi. Sanamu ya Shakespeare iliyochongwa na Roubiliac mwaka 1758 sasa iko Maktaba ya Uingereza. Iliyoko hekaluni ni nakala. Hekalu hufunguliwa Jumapili alasiri katika miezi ya joto, na boti inaweza kufungwa karibu kwa muda mfupi.

Kisiwa chenye jina la Garrick kiko hapo hapo. Leo kina nyumba ndogo za mbao, nyingi zimeinuliwa juu ya nguzo, na hakuna daraja. Kila mtungi wa gesi, kila godoro, kila mfuko wa saruji unafika kwa boti. Kwa Garrick, tajiri wa wakati wake, kisiwa hiki kilikuwa sehemu ya mandhari ya bustani. Hakukitegemea kimlishe.

Siku ya 3: Tagg's Island

Kutoka kwa Garrick hadi hapa hata jasho halitoki, lakini siku nzima inastahili. Kisiwa ni cha watu binafsi, hakuna ruhusa ya kupanda. Kinaonekana vizuri kwa njia mbili: kwa boti, ukikizunguka polepole, au kwa miguu kutoka njia ya ukingo wa Hurst Park, ng'ambo ya kusini. Mkondo mkuu unapita kusini. Mkono wa kaskazini ni mwembamba, una daraja la chini na boti zimefungwa pande zote mbili. Pita tu kama mpiga makasia anaweza kukunja makasia upesi.

Mwanzoni mwa karne ya 19 hapakuwa na chochote isipokuwa mierebi. Familia za Waroma (jamii ya wahamaji, si Warumi) ziliishi hapa, zikikata fito zake na kusuka vikapu. Mwaka 1850 mwanasheria aliyefanya biashara ya ardhi, Francis Kent, alikinunua kisiwa na kuwafukuza. Sehemu akaikodisha kwa Thomas Tagg, muundaji wa boti, ambaye jina lake ndilo limebaki. Tagg alianza na karakana, akaongeza hoteli, na kufikia miaka ya 1870 hoteli yake ilikuwa ya kifahari. Reli ya Hampton Court ilikuwa imeshafika, na wenye fedha wa London wakawa wanakuja Jumamosi kukodi boti. Biashara ya Tagg ilisimama kwa miguu miwili: mvua ikinyesha, hoteli inalala, lakini karakana inaendelea kuunda na kutengeneza boti.

Karno aliona hoteli tu.

Jina lake la kuzaliwa ni Frederick John Westcott, aliyezaliwa Exeter mwaka 1866. Alifunzwa ufundi bomba, akaukimbia na kuwa mwanasarakasi. Kilichomtajirisha ni kanuni moja ya leseni: kumbi za muziki hazikuruhusiwa kuonyesha tamthilia zenye mazungumzo kama kumbi za maigizo zilivyoruhusiwa. Karno akatengeneza vichekesho visivyohitaji maneno: kuanguka, kugongana, kupishana milangoni, kila kitu kwa hesabu ya sekunde. Alikuwa na kiwanda hasa, huko Camberwell, London, ambako mandhari zilijengwa na makundi kadhaa yakafanya mazoezi kwa wakati mmoja. Chaplin alijiunga mwaka 1908. Mwaka 1910 alisafiri na kundi kwenda Marekani, na Stan Laurel akiwa humo humo kama msaidizi wake wa kumshikia nafasi. Chaplin alipoacha kazi ya Karno mwaka 1913 ili aingie sinema, ufundi wa kuchekesha bila kusema neno alikuwa nao tayari.

Kwanza Karno alipendezwa na boti ya makazi. Astoria, aliyoundiwa mwaka 1911, ilikusudiwa iwe bora kuliko zote mtoni. Kuta za ndani ni za mbao za mahogani, na sitaha ya juu ilitakiwa ibebe okestra ya watu 90. Hicho si kichekesho, ni hesabu ya muunda boti. Watu 90 na ala zao ni tani sita au saba zilizowekwa mahali pa juu kabisa pa chombo. Kwa hiyo tumbo la boti lazima liwe pana na uzito wa chini uwe mkubwa, la sivyo okestra ikihamia upande mmoja kupunga mkono, chombo kinalala. Usiku boti za Karno ziliwashwa taa za rangi kuanzia omo hadi tezi.

Mwaka 1912 alikikodi kisiwa, akabomoa hoteli ya Tagg, akamwita Frank Matcham, msanifu aliyejenga kumbi za maigizo nyingi kuliko mwingine yeyote nchini humo. Hoteli mpya ilifunguliwa mwaka 1913, na Karno akaipa jina lililochanganya lake na kasino: Karsino. Siku za jua za mwaka ule wa kwanza watu walijaa.

Wanaosimulia husema Karno alikuwa mwenye kisiwa. Kwa usahihi, kisiwani kuna umiliki wa tabaka tatu, na ukizichanganya huelewi kwa nini alianguka. Kuna ardhi, kuna jengo, kuna boti. Ardhi haikuwa yake. Alikuwa mpangaji wa muda mrefu. Jengo alilijenga kwa fedha zake juu ya ardhi ya mwingine, tena jengo lisilohamishika na lisilouzika kwa matumizi mengine. Boti ilikuwa yake, nayo ndiyo pekee inayong'ang'ania hadi leo.

Tabaka la nne ni njia ya kufika. Hakukuwa na daraja. Kila mgeni, kila kreti ya bia, kila gunia la makaa ya mawe lilivushwa kwa boti, na mhudumu wa kivuko hulipwa hata siku isiyo na mgeni. Msimu wa mtoni Uingereza ni majuma machache ya kiangazi, na hata hayo hayana uhakika. Agosti 1914 vita vikaanza, baada ya msimu mmoja kamili tu. Vijana wakaenda mitaroni, wakiimba kwa kujidhihaki kwamba wao ni jeshi la Fred Karno. Nyumbani sheria za wakati wa vita zikabana saa za kuuza vileo na taa za usiku. Amani iliporudi, wenye fedha walikuwa wamenunua magari. Jumamosi yao sasa ilikwenda ufukweni Brighton. Kabla miaka ya 1920 haijaisha Karno alikuwa amefilisika. Alijaribu Hollywood kwa mtayarishaji wa sinema Hal Roach, haikudumu, akafia Dorset mwaka 1941.

Karsino ilibadilisha majina na wamiliki mara kadhaa, na kila mmoja aliamini tatizo lilikuwa yule aliyemtangulia. Daraja la magari lilijengwa hatimaye miaka ya 1940, si kwa ajili ya starehe bali kwa kazi za kiwanda cha AC Cars wakati wa vita. Katika miaka ya 1960 likaporomoka. Hoteli ikabomolewa mwaka 1971, nyasi zikaota.

Kilichokiokoa kisiwa ni kuacha kujenga juu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 katikati palichimbwa ziwa dogo linaloungana na mto, na daraja likawekwa upya. Hesabu ni rahisi: kisiwa kina ukingo wa nje tu wa kufungia boti, nao unaisha. Ukikitoboa katikati unapata ukingo wa pili, uliokingwa na mkondo na mawimbi ya boti za kupita. Leo boti za makazi zimepangana nje na ndani, nyingine za ghorofa mbili.

Zitazame kwa karibu zinavyofungwa. Zilizofungwa vizuri hazina kamba. Zina pete za chuma zinazopanda na kushuka kwenye nguzo ndefu zilizopigiliwa kitandani mwa mto. Mafuriko yakija, boti hupanda na pete. Mwenye kutumia mnyororo mfupi anajua kosa lake usiku wa manane: mnyororo unakaza, unashika upande mmoja, maji yanaingia juu ya ubavu. Ubao wa kupandia una bawaba upande wa nchi kavu na gurudumu upande wa boti. Ukikazwa kwa misumari pande zote mbili utatoboa ukuta. Maji safi, umeme na bomba la choo vyote ni vya mpira unaokunjika na vina ziada ya urefu, na uchafu hupandishwa kwa pampu inayosaga kwanza. Tumbo la chuma hutolewa majini kila baada ya miaka kadhaa ili unene wake upimwe kwa mawimbi ya sauti, na vipande vya magnesi hufungwa chini yake viliwe na kutu badala ya chuma. Tumbo la mbao huoza zaidi pale penye mstari wa maji, panapoloa na kukauka kila siku. Ndiyo sababu boti nyingi za enzi za Karno zimekwisha.

Astoria haikuisha. Iko Hampton, ukingo wa kaskazini, na mwaka 1986 ilinunuliwa na David Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd, akaifanya studio ya kurekodia. Ni mali binafsi. Ipite kwa staha, usisimame mbele yake.

Siku ya 4: Molesey hadi Teddington, karibu kilomita 8

Pita kisiwa cha Ash kwa upande wa kulia, kwenye mkondo mkuu, kwa sababu upande mwingine unaelekea kwenye kizingiti. Loki ya Molesey ni ndefu na wikendi hujaa. Ingia mwisho, boti za injini zikishatulia na kuzima injini. Baada ya daraja la Hampton Court, kasri iko kushoto na mkondo unakuwa mpana.

Njia hii ina visiwa vingine, tunavitaja kwa haraka. Cha Thames Ditton kimejaa nyumba na kina daraja la miguu. Raven's Ait ni cha halmashauri ya Kingston, na mwaka 2009 kilivamiwa na wanaharakati kwa miezi kadhaa kabla ya kuondolewa. Trowlock ndicho cha kusimama, kwa sababu kivuko chake ni jukwaa linaloendeshwa kwa mnyororo na mkono: anayevuka anazungusha mpini, jukwaa linajivuta kwenye mnyororo ulio kitandani mwa mto. Likipita, subiri mnyororo uzame tena kabla ya kukatiza, maana mnyororo ulioinuka majini utakamata usukani.

Teddington ina loki tatu sambamba: ndogo ya skifu, ya kawaida, na kubwa ya mashua za mizigo iliyofunguliwa mwaka 1904. Hapa ndipo maji yanapoanza kupwa na kujaa, na chini kidogo ya loki mnara mdogo wa jiwe unaonyesha mwisho wa mamlaka ya Shirika la Mazingira na mwanzo wa Mamlaka ya Bandari ya London. Kukodi skifu kwa kawaida kunaishia juu ya loki. Anayetaka kuendelea hadi Richmond achukue jedwali la maji, aanze mara tu maji yanapoanza kupwa, na aulize kwanza kama kibali na bima yake vinafika huko. Boti irudishwe ikiwa kavu: toa kizibo, inamisha tezi, kausha kwa sifongo, na makasia yawekwe kwa ubapa chini ya kivuli, maana yakiegemezwa ukutani yanapinda.